Tarehe kwa Rangi ya Kucha

Pudentienne Mukantwari alikuwa na kiti kimoja tu mjini Kigali alichokiita chake: benchi fupi la mbao mlangoni pa duka la vipuri la Usumani, pale Gatsata, barabara inapoteremka kwenda Nyabugogo. Miaka tisa alikaa hapo akipima betri za pikipiki, na kila betri aliyoifunga aliiandikia tarehe ubavuni kwa rangi nyekundu ya kucha. Wino hufutwa na mafuta, karatasi hubanduka kwa mvua, lakini rangi ya kucha hukaa. Chupa alikuwa akiichukua kwa binti yake Belyse, ambaye alishachoka kulalamika.

Sasa Usumani alitaka tarehe hizo zikome.

Hakuwa mtu mbaya, huyu Usumani wa mtaa wa Biryogo, mpole wa ulimi kama wafanyabiashara wengi wa huko. Ila mwanzoni mwa mwaka alileta shehena ya betri zenye maboksi ya kung'aa, na tangu hapo motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, walikuwa wakirudi na kumwonyesha ile tarehe nyekundu kwa kidole. Miezi mitano. Miezi sita. Bila tarehe, mtu angedhani betri yake ni ya zamani na kununua nyingine. Basi asubuhi hiyo alimwambia Pudentienne waziwazi: ama aache kuandika, ama atafute mlango mwingine wa kukalia.

Pudentienne akaendelea kupima. Kazi hii alifunzwa utotoni Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mjomba aliyechaji betri za redio za majirani na ambaye angeweza kumaliza siku nzima bila kusema lolote. Kimya alikirithi pamoja na kazi. Watu wa Gatsata walikichukulia kuwa ni unyenyekevu.

Saa nne Gratien, mmoja wa motari hao, akaja akiisukuma pikipiki yake, helmeti ya abiria ikining'inia mkononi, jasho likimtiririka. Haiwaki, alisema, na tangu alfajiri ameshapoteza abiria wanne. Pudentienne akaitoa betri, akasoma maandishi yake mwenyewe: tarehe ya miezi mitano iliyopita. Aliikumbuka vizuri. Betri mpya nzima, ikipumzika, huonyesha kwenye mita volti kumi na mbili na nukta saba, au zaidi. Hii, siku aliyoifunga, ilionyesha kumi na mbili na nukta mbili tu. Alipoigeuza siku ile aliuona muhuri wa kiwanda chini yake, wa miaka mitatu nyuma. Aliuona, na bado akaifunga.

Kutoka ndani Usumani akasema betri haina kosa, kosa ni uendeshaji.

Pudentienne akamwuliza Gratien anafanyaje akiteremka vilima.

"Ninazima, mama," akacheka. "Mafuta iko ghali, kilima iko bure."

"Unazima injini, ufunguo unauacha wazi. Taa zinawaka, honi unapiga. Nani anailisha betri muda huo? Halafu ukifika chini unaiamsha kwa kitufe. Mara ngapi kwa siku?"

Gratien akaacha kucheka. Usumani akatokeza mlangoni, ameridhika.

"Umesikia? Mama Belyse mwenyewe anasema."

"Sijamaliza," alisema Pudentienne. Akaigeuza betri na kumwonyesha Gratien ule muhuri. "Hii ililala kwenye boksi miaka mitatu bila kuchajiwa. Nililijua hilo, nikakufungia hivyo hivyo. Kosa lako ni nusu. Nusu nyingine ni ya duka hili, na mimi nimo."

Akainuka, akaingia ndani bila kuomba ruhusa, akapima betri moja baada ya nyingine mpaka akapata moja ya mwaka huu iliyosimama kwenye kumi na mbili na nukta nane. Hii inakwenda badala ya ile iliyokufa, alisema. Gratien akanyoosha kidole kwenye betri kubwa zaidi. Pudentienne akamkatalia: haitakaa vizuri kwenye nafasi yake, itatikisika mpaka ivunjike ndani, na chaji ya pikipiki hiyo haitaishibisha. Akasugua vichwa vya nyaya, akavikaza, akavipaka grisi. Injini ilipowaka mita ikapanda hadi kumi na nne. Ndipo akafungua chupa ya Belyse na kuandika tarehe mbili, ya kiwanda na ya leo.

"Futa," Usumani akasema polepole.

Pudentienne akamnyooshea kitambaa. "Futa wewe. Mwenye betri huyu hapa, anakuangalia."

Usumani akakipokea. Akajifutia mikono ambayo haikuwa na uchafu, akarudi ndani. Gratien akaondoka kuelekea Nyabugogo, na Pudentienne akasikiliza injini ikinguruma mteremko wote, bila kuzimwa, hadi ilipopotea kwenye kona.

Kesho yake alikuta benchi lake limetolewa nje, limewekwa ng'ambo ya mfereji, juani. Motari wawili walikuwa wamesimama kando yake wakisubiri. Akaketi, akapanga mita, grisi na chupa ndogo nyekundu, kisha akamwamkia Usumani kama kila siku.

"Hapa pazuri," akamwambia. "Juani rangi inakauka upesi."