Kitambaa cha Bure Kisawasawa

Kutembea hifadhini Jumamosi kumenigharimu suruali moja, na pengine mchumba. Suruali si yangu; ni ya baba yake Neema, mchumba wangu; mzee niliyemwalika ili anikubali.

Kijijini Kisawasawa, kwenye shamba la mwisho kabla ya msitu, niliona vitambaa vibichi vimetundikwa kwenye kamba. Nikadhani ni nguo zimeanikwa. Leso dukani ni hela, basi nikaazima kimoja, nikajifuta jasho usoni.

Macho yakawaka moto! Nikapiga yowe, mzee akadhani tembo, akaparamia mti, suruali ikachanika nyuma.

“Kaka,” mwongoza wageni aliyetutembeza akaniambia huku akicheka, “hicho kimepakwa pilipili. Wenyewe wanafukuzia tembo.”

Mzee akajibu kutoka juu: “Tembo sijamwona, ila mkwe amefukuzika.”

Jamani, nianze kulipa suruali, au kuomba radhi?