Vidonge vya Jumapili

Kazi yangu ni kukuza seli za moyo wa panya ndani ya visahani, katika maabara moja hapa Kigali. Seli ikipata mkazo, ujumbe huigonga kwenye utando wake wa nje, hupokewa, halafu protini hupokezana ujumbe huo hadi kwenye kiini, na huko amri hutolewa: nenepa. Seli hutii. Ikinenepa kidogo, inasaidia. Amri isipokoma, moyo mzima hutanuka na kuchoka. Miaka minane nimetafuta mahali pa kuukatiza ujumbe huo njiani. Watu wakinisikia huniona msomi. Nami nilijiona hivyo, mjinga mimi.

Mama yangu alikuwa na presha. Aliuza ndagara, wale samaki wadogo waliokaushwa, kwenye meza yake Gitega, mtaa wa hapa hapa Kigali, tangu tuliporudi kutoka Burundi alikolelewa. Daktari alimwandikia vidonge vya aina mbili, vya kushusha presha na vya kutoa maji mwilini, ameze kila asubuhi. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake na kipimo changu. Nilimfunga mkono, tukanyamaza wote wawili hadi mashine iache kuvuma. Namba zilikuwa nzuri. Nilimpigia makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani, naye akacheka na kunipakulia isombe, kisamvu chetu.

"Panya wako iko wazima?"

"Wazima, Mama. Wewe je?"

"Mimi niko sawa. Si umeona namba?"

Miguu ilipoanza kumvimba nilisema ni kusimama kutwa. Alipoanza kulala ameegemea mito mitatu nilisema ni mafua. Namba zile zilinitia kiburi, na sikutaka kuona kitu kingine.

Siku moja alianguka mezani. Walimkimbiza hospitali, na kwenye skrini nikauona moyo wake, kuta zimenenepa, vyumba vimelegea. Daktari alianza kunieleza nikamwomba aache. Nilikuwa nimeyaona hayo kila siku chini ya hadubini, seli moja moja.

Nilipokwenda nyumbani kumchukulia kanga nilikuta pakiti za dawa chini ya godoro, nyingi, karibu zote zimejaa. Nilirudi nikiwa nimechemka. Sitaki kujisafisha: mgonjwa yuko kitandani, nami namfokea.

"Mama, dawa hukumeza!"

Alitazama dirisha kwanza. "Nilimeza. Jumamosi jioni na Jumapili."

"Na siku zingine?"

"Ile dawa inakimbiza mtu chooni kila mara, mwana wanjye, na sikujua ni ipi kati ya zile mbili. Na choo iko mbali, kule chini ya mteremko. Nikiacha meza, wateja wanahama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana na ile namba."

Nilitoka nje nikalia mbele ya walinzi wa hospitali, bila aibu.

Maabarani, mwenzangu wa meza ya jirani huotesha maharage kwenye udongo wenye risasi, ile metali yenye sumu, uliochotwa karibu na machimbo. Kuvu wanaoishi mizizini huikamata risasi na kuifungia ndani ya nyuzi zao wenyewe, na mharage huku juu unabaki kijani. Ukitaka kujua kuvu wamebeba nini, lazima uchimbe. Juma lile sikuweza kupita karibu na vyungu vyake. Nilizunguka kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Mama alifariki wiki ya pili, mchana, nimemshika mkono. Hadi leo naukumbuka uzito wa mkono ule, na bado unaniuma.

Siku za kukaa matanga alikuja mama mmoja anayeuza nyanya, meza yake ikiwa imegusana na ya Mama. Alikaa karibu nami, akanishika goti. Nilimsimulia habari za dawa na choo, kwa sababu nilikuwa namsimulia kila mtu. Akashika kichwa.

"Yoo, mwana wetu. Mbona hakusema? Ningemwangaria meza. Mimi iko pale kutwa."

Nilimshukuru. Miaka yote ile nilimuuliza Mama habari za kichwa, za kifua, za usingizi. Sikuwahi kumuuliza, hata mara moja, akiwa kazini anakwenda haja wapi.