Kioo Kilichopungua Vidole Viwili

Fundi seremala wa misheni ya Kilimatinde alipima kwa uzi wenye mafundo. Misumari aliibana mdomoni, na maneno yake yakapenya pembeni. Hakushika karatasi kabla ya kunawa kwa majivu mpaka viwikoni, na fremu za picha alizisugua kwa nta ya nyuki taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Siku mwanakijiji mmoja, Anastazia, alipofuata picha aliyoinunua kwa padri na kumwachia aiwekee fremu, Yesu akiponya wagonjwa, nakala ya karatasi ya mchoro wa mistari myeusi ambao mchoraji wa kale wa Ulaya aliuchonga juu ya bamba la shaba, kioo cha kuifunika kilichokuja kwa treni kilipungua vidole viwili. Bila kioo, moshi wa jikoni ungeila.

“Punguza fremu, baba, uzibe huko chini,” alisema Anastazia. “Yesu ataonekana tu.”

Huko chini ya picha alilala mwanamke mgonjwa juu ya mkeka. Fundi aliitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga mezani.

“Huyu amebebwa mpaka hapa,” alisema. “Nikimziba, ataponea wapi?”

Akakirudisha kioo kwenye nyasi kilizofungiwa safarini. Anastazia aliondoka na picha isiyo na kioo, na njia nzima hakumtazama Yesu. Alimtazama yule wa mkekani.