Fundi Lehemu Alivyosema Bati

Fundi Lehemu alikuwa mtu wa ndoo. Alikata bati kwa mkasi, akalikunja pindo kwa nyundo ya mbao, akapitisha lehemu kwenye mshono, na ndoo yake ikitoka kibandani haikurudi mpaka wajukuu wa mnunuzi walipoichosha. Siku hizo kitu kilitengenezwa kikae. Siku hizi kinatengenezwa kiharibike, na anayekiuza anapewa kiti cha mbele.

Kibanda waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake. Mambo yalianza kuwaharibikia zilipoingia ndoo za nje, zinang'aa kama kioo, bei ya kutupa. Ndipo akatokea katibu wa chama cha wenye viwanda, kijana wa viatu vyenye ncha na mikono laini kama ya mtoto mchanga.

"Mzee wangu, tunakupeleka bungeni. Wewe ndiye sura ya kiwanda!"

"Kiwanda kipi? Mimi nina kibanda."

"Kiwanda, kibanda, tofauti ni herufi tu!"

Wenye chama walikuwa matajiri wa kufyatua bati. Walitaka bati la nje litozwe ushuru mkubwa, ila vitambi vyao visingemtia mbunge huruma. Walihitaji mikono yenye makovu, wakaazima ya Lehemu.

"Utasema hivi," katibu akamfunda. "Waheshimiwa, bati la nje linatuua."

"Ndoo za bati," Lehemu akasahihisha.

"Aa, fupisha, mzee. Wale watu wana mambo mengi. Sema bati, wataelewa."

Mdogo wake aliyasikia hayo akaweka nyundo chini. "Kaka, bati la nje ndilo tunalokata sisi! La hawa jamaa ukilikunja linapasuka."

"Mimi nimeitwa bungeni. Wewe umeitwa wapi?"

Lehemu alijua mdogo wake anasema kweli. Hilo ndilo linalokera. Alijua fika, lakini koti lilikuwa limeshapigwa pasi.

Kwenye chumba cha kamati, mbunge mmoja alisinzia, mwingine alichezea simu. Mwenyekiti aliigonga ndoo aliyokuja nayo Lehemu kama ngoma, wote wakacheka. Fundi akasimama, akasema, "Bati la nje linatuua." Wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza bati gani, la nini, linamuua nani.

Ushuru ukapanda, wa bati tupu. Ndoo za nje zikaendelea kuingia kama zilivyokuwa zikiingia. Bei ya bati ikaruka, na mtaa mzima wa mafundi, uliokuwa ukiamshwa na nyundo, ukanyamaza. Majirani wakamwita Mheshimiwa Bati, na si kwa heshima.

Mwaka uliofuata katibu akarudi, meno yote nje. "Kamati inataka uje useme ahsante. Njoo na ndoo mpya."

"Bati la kutengenezea nitalitoa wapi?"

"Si ununue ndoo ya nje dukani? Bandua kibandiko tu, nani atajua?"

Mkewe alisonya, akaingia ndani. Mdogo wake alimfuata hadi barabarani. "Kaka, yarudishe yale maneno mawili uliyoyameza. Ndoo za. Basi. Ukishindwa, mimi hapa kibandani sina changu tena."

Lehemu akaenda, ndoo ya dukani mkononi. Tusimnyime haki yake: alijaribu.

"Waheshimiwa, mwaka jana nilisema bati. Nilikusudia ndoo za bati. Ndoo za nje ndizo zinatumaliza."

Mwenyekiti akaichukua ndoo, akaigeuza, akaipapasa mshono.

"Mbona hii ni nzuri kuliko ya mwaka jana? Mtu anayetoa kazi kama hii anaogopa ndoo za nje? Umeitengeneza mwenyewe, mzee?"

Lehemu alimtazama katibu. Katibu alikuwa anatabasamu. Neno lilikuwa moja, fupi kuliko bati: la.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Makofi hayo! Hata yule wa kusinzia aliamka akapiga.

Jioni mdogo wake alimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda, koti bado mwilini.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Wameisifu ndoo."

Mdogo mtu aliichukua ile ndoo ya dukani, akatia ndani mkasi wa baba yao, nyundo ya mbao na kipande cha lehemu kilichobaki, akaenda zake. Ilikuwa ndoo imara. Haikulegea hata kishikio.