Mlango Usio na Ngazi

Katika mtaa ule hakuna aliyeingia kwake kwa mlango wa mbele. Milango ilikuwepo, tena mizuri, ya mbao ngumu, yenye vitasa. Ila ilining'inia. Kutoka kizingiti hadi chini kulikuwa na kimo cha mtoto anayeanza shule, na ngazi hakuna. Mgeni akibisha mbele husikia sauti kutoka ndani: "Zunguka!" Naye huzunguka, apite kwenye kamba ya nguo na ndoo za maji, aingilie jikoni, ambako ardhi imeinuka hadi usawa wa mlango.

Aliyeufanya mtaa uwe hivyo ni mwashi mmoja mrefu, mwembamba. Walimwita Timazi, kwa sababu ya ile timazi yake, kipande cha risasi kwenye uzi cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Nusu ya nyumba za mtaa alizijenga yeye. Na zote aliishia kizingitini.

Haukuwa uvivu. Zamani, nyumba yake ilipokuwa bado inanuka saruji mbichi, alipita karani wa manispaa, wa kodi ya majengo. Akasimama juani, jasho linamtiririka. Akautazama mlango ule juu, akavitazama viatu vyake.

"Hii bado," akasema. "Nitarudi ikiisha."

Akaenda zake. Hakurudi.

Timazi alilichukua neno lile kama mtu aliyeokota dodo chini ya mnazi. Nyumba isiyo na ngazi haijaisha. Isiyoisha haitozwi. Akamwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yake. Tangu hapo kila aliyejenga alisema, "Fundi, ngazi acha." Na fundi akaacha.

Mkewe hakupenda. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi. "Nimeolewa na mwashi," aliwaambia wageni wakimkuta jikoni, "halafu naingia kwangu kama mwizi wa kuku." Siku nyingine: "Mganga hajigangi. Wangu hata kitambaa cha kufungia kidonda hana."

Timazi alicheka kwa pua. "Subiri mtoto amalize shule."

Mtoto akamaliza.

"Subiri saruji ishuke bei."

Saruji haijapata kushuka bei tangu dunia iumbwe.

Mkewe alipoanza kuvimba mguu, akawa anaufungua ule mlango wa mbele na kuketi kizingitini, miguu inaning'inia nje, anaitazama barabara. Wapita njia walimsalimia kwa kuinua vichwa. "Mama, umekaa jukwaani leo!" Naye hujibu, "Lipeni kiingilio!" Kisha jioni moja alisema taratibu, bila mzaha, "Mume wangu, siku moja nataka nitoke hapa. Kwa miguu yangu. Kama mwenye nyumba."

"Utatoka," alisema Timazi.

Alitolewa kwa mlango wa jikoni. Mlango ule mwembamba, na ukitoka tu kuna kona ya karo la kuoshea vyombo. Jeneza halikupita. Wabebaji wakaliinamisha ubavu. "Taratibu jamani, taratibu." Timazi alisikia kitu kikiteleza mle ndani, kikagonga ubao. Hakumwambia mtu.

Tangu siku ile alitaka jambo moja tu: kujenga ngazi. Si kwamba angerudi azipande, alilijua hilo. Lakini ahadi ni deni, na mdai akifa deni halifi.

Kilichomzuia ni binti yake. Alikuwa muuguzi, analea wanawe wawili peke yake, kwenye nyumba aliyoinunua kwa mkopo wa benki. Alipokopa, riba ilikuwa ya kuvumilika. Sasa ilipanda kama homa ya jioni. Mshahara ukiingia, benki inaula kabla haujapoa. Akaja kumwona baba yake, akasimama jikoni na sare yake ya kazi.

"Baba, nasikia umeleta mchanga."

"Nimeleta."

"Usiguse kitu. Nakuomba. Ukijenga ngazi, nyumba imeisha. Ikiisha kodi inakuja, na wewe huna pensheni. Wataipiga mnada. Mimi kule nikishindwa, nirudi wapi?"

Timazi alitoka nje. Aliufunika mchanga kwa turubai.

Ikatangazwa kwamba waziri wa fedha, baada ya kuisoma bajeti yake, anazunguka mijini kujibu maswali ya wananchi. Atakuja ukumbi wa manispaa. Binti akasema atakwenda kumuuliza habari ya riba. Timazi akavaa koti lake la msibani. "Nakuja."

"Kufanya nini, Baba?"

"Kuuliza."

Habari hiyo ikafika kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara kabla ya Timazi kufunga vifungo. Kinyozi naye alikuwa na mlango unaoning'inia, kazi ya Timazi. Akamfuata hadi ukumbini na kuketi kiti cha pembeni yake, kitambaa cha kunyolea bado kiko begani.

"Fundi, nimesikia unataka kuuliza mambo ya ngazi."

"Ndiyo."

"Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Ulitufundisha mwenyewe."

"Nilifundisha ngazi. Hilo la kulala umeongeza wewe."

"Mzee wangu, uliza bei ya sukari. Uliza barabara. Maswali yamejaa tele!"

Waziri aliingia. Mtu mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nyuma yake aliketi ofisa mmoja mwenye miwani, kazi yake kumnong'oneza. Feni zilizunguka bila kuleta upepo. Waziri akaeleza bajeti: mapato machache, mahitaji mengi, kila wizara inalia. "Ndugu zangu, tujikune pale mkono unapofika."

"Wako mrefu, mheshimiwa!" akapaza mmoja kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Waziri naye akacheka. Alikuwa anajua kucheka.

Binti wa Timazi akapewa kipaza sauti. Aliuliza vizuri, kama alivyozoea kumweleza daktari hali ya mgonjwa. Riba ilipopanda, waliambiwa ni kwa muda. Muda huo unaisha lini?

"Swali zuri sana, dada yangu," alisema waziri. "Riba haipangwi na waziri. Benki kuu inatazama bei sokoni, mabenki yanaitazama benki kuu, na wakopaji..."

"Na sisi tunamtazama nani?" akauliza binti.

Watu wakapiga makofi. Waziri akanywa maji. Akasema serikali inalifanyia kazi, na dalili ni njema, ila hawezi kutaja mwezi wala mwaka. Wenye kushindwa wakazungumze na benki zao mapema. Binti akashukuru, akaketi. Timazi aliona mikono yake imeshikana mapajani kama ya mtu anayesubiri kudungwa sindano. Akajua kwamba nyumba ile ya mkopo imekwenda.

Akainuka. Kinyozi akalishika pindo la koti. Timazi akalivuta, taratibu, likatoka.

"Mimi ni mwashi," alisema. Kipaza sauti kikapiga mluzi, akakisogeza mbali. "Nina nyumba. Mlango wa mbele hauna ngazi. Nataka kujenga ngazi. Nikijenga, mtanitoza kodi?"

Waziri aliinamisha kichwa, kama aliyekosa neno moja katikati. "Ngazi, mzee wangu?"

"Nyumba isiyo na ngazi haijaisha. Isiyoisha haitozwi."

Ukumbi ukanyamaza upande mmoja, upande wa mtaa wao. Upande mwingine ukacheka.

"Mzee wangu, hayo nani aliwaambia?"

Timazi akaitazama kofia yake mkononi. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo peke yake.

Ofisa mwenye miwani akanong'ona, waziri akaitikia kwa kichwa. "Ndugu zangu, tuelewane. Nyumba ikilala watu, imeisha. Iwe na ngazi, isiwe na ngazi, muwe mnaruka dirishani, sheria haiulizi. Mtaa wenu ulikuwa haujafikiwa tu. Mwaka huu utafikiwa, ni mpango wa siku nyingi." Akainua kidole, uso umekunjuka kwa furaha. "Lakini wewe, mzee wangu, lala usingizi. Mzee asiye na kipato, mwenye nyumba moja anayokaa mwenyewe, kodi ya majengo amesamehewa. Kajenge ngazi zako! Jenga hata za kwenda mbinguni!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakageuka kumtazama mzee mwenye bahati. Timazi hakupiga makofi. Alikuwa bado amesimama.

"Tangu lini?"

"Naam?"

"Huo msamaha. Tangu lini?"

Waziri akamgeukia ofisa. Wakanong'onezana. "Siku nyingi, mzee wangu. Mimi nimeukuta. Ni wa miaka."

"Ahsante," alisema Timazi, akarudisha kipaza sauti.

Nje, kinyozi alimsubiri penye geti, kitambaa amekiviringisha ngumini. "Umetuvua nguo hadharani, fundi. Sisi tutozwe, wewe usamehewe! Kumbe kazi ilikuwa hiyo?"

"Amesema ni mpango wa siku nyingi," binti akamjibu.

"Dada, wewe usiniambie. Mama yangu alivunjika nyonga kwenye ule mlango wa jikoni, akikwepa ndoo. Nikamwambia vumilia, Mama, tunakwepa kodi. Kodi gani?" Akamtazama Timazi, akitegemea kujibiwa, hata kwa matusi. Alipoona hajibiwi akakitandaza kitambaa begani, akaenda zake.

Binti na baba wakatembea. Walipofika penye kona binti akasema, "Kwa hiyo Mama..." Akaishia hapo.

"Ndiyo," alisema Timazi.

Kesho yake akaliondoa turubai. Akachekecha mchanga, akachanganya zege, akachimba msingi kwa mikono iliyokwisha kuzoea kupumzika. Kila alipoinama mgongo ulilia, naye aliuacha ulie. Mtaa ulipita ukimtazama. Hakuna aliyemwambia, "Pole na kazi." Ngazi za mlango mmoja ni kazi ndogo kwa fundi. Yeye alikwenda polepole. Kila tofali alilipima, timazi huku, pima maji kule, kama anayejenga benki. Akazifanya pana na fupi fupi, za mtu mwenye mguu mbaya. Hakuna aliyemwagiza azifanye hivyo.

Alipokuwa kwenye ngazi ya juu, kinyozi alivuka barabara. Akasimama, mikono mifukoni.

"Zimenyooka."

"Zimenyooka."

"Fundi, na mimi utanijengea?"

"Kodi utalipa vilevile."

"Najua nitalipa. Mama akae nje apate upepo. Nikilipa, bora nilipe nikipita mbele."

Timazi akakwangua saruji kwenye mwiko wake. "Nunua kokoto," alisema. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake cha kunyolea.

Timazi akapiga lipu ya mwisho, akaisugua kwa ubao mpaka ikalala kama maji kwenye beseni. Kisha akazunguka nyuma, akapita jikoni, akaufungua mlango wa mbele kutoka ndani. Ulikuwa umevimba, akausukuma kwa bega. Akasimama kizingitini pale alipokuwa akiketi mkewe. Ngazi zilikuwa chini yake, mbichi, zinang'aa. Hakuweza kuzikanyaga. Hata angetaka, zisingemchukua bado.

Ndivyo alivyokuwa amesimama lori dogo lilipokunja kuingia mtaani. Nyuma palikuwa na magodoro, jiko la gesi, baiskeli ya mtoto. Binti yake akashuka upande wa dereva. Alikuwa amekonda. Benki ilikuwa imemaliza mazungumzo yake.

Aliiona kazi ya baba yake. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akamshika mwanawe mdogo mkono, begi begani, akaja moja kwa moja mbele, kama mtu aliyealikwa kwake, akauinua mguu.

"Usikanyage!" Timazi akapaza sauti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupaza sauti tangu msiba. "Bado hazijakauka."

Binti akasimama mguu mmoja hewani. Wakatazamana, baba juu, binti chini, ngazi katikati.

"Zunguka, mama," alisema Timazi. "Pitieni jikoni."

Binti akaushusha mguu pembeni. Wakazunguka mmoja mmoja, kwenye kamba ya nguo na ndoo za maji, godoro wameliinamisha ubavu ili lipite.