Uyoga wa Machicha ya Nazi

Sina haya kusema kwamba nimewahi kupanda bangi. Miche miwili tu, kwenye ndoo mbili, dirishani mwa chumba chetu cha kulala, ghorofa ya nne, Tottenham. Mume wangu aliumia mgongo kazini akipakua mizigo, na dawa za hospitali zilimfanya zuzu bila kumwondolea maumivu. Bangi ilimpa usingizi. Akilala yeye, nalala na mimi. Anayetaka kunihukumu aje kwanza alale kwenye kitanda kile wiki moja.

Ndoo zile nilizilisha machicha ya nazi. Kwetu Unguja, ukishakamua tui, machicha unawatupia kuku. Hapa kuku sina, na kutupa chakula pipani sikulelewa hivyo, basi nikawa nayafukia kwenye udongo wa ndoo. Asubuhi moja nikakuta uyoga umechomoza kuzunguka mashina, mdogo mdogo, wa manjano kama kiini cha yai. Mume wangu alicheka mpaka akajishika mgongo. "Bibi wewe, sasa umefungua shamba."

Tatizo letu lilikuwa ukuta. Upande wa kitanda ulikuwa ukitoa maji mwaka mzima, kuvu nyeusi ikapanda mpaka darini, na kifua cha mume wangu kikaanza kupiga miluzi. Niliwaandikia kaunsili, wenye nyumba wetu, barua tisa. Mwisho wakajibu kwamba afisa wa nyumba atakuja Alhamisi. Akaja Jumatano, sijazificha ndoo.

Alikuwa bwana wa makamo, mwenye tai. Ukuta aliutupia jicho tu, kisha akauona uyoga.

"Huu ndio unyevu wenu," akasema. "Mnapika sana, mnaanika nguo ndani, mpaka uyoga unaota."

Damu ilinichemka. Nikamwambia uyoga ule umeota kwenye machicha ya nazi, na ukuta wake hauli nazi. "Njoo, inama uone mwenyewe!" Akainama. Hapo ndipo alipoyaona majani. Mdomo wangu huu!

Akanyanyuka taratibu, akafunga kalamu. "Tufanye hivi. Mimi sijaona mimea, na wewe huna malalamiko kuhusu ukuta." Akanisogezea fomu nitie saini kwamba mpangaji ameridhika.

Yaani nichague: mgongo wa mume wangu au kifua chake. Nilikuwa msichana wakati baba yangu, miaka michache baada ya Mapinduzi, alipowekewa karatasi juu ya meza yetu wenyewe, imeandikwa kwamba anaitoa nyumba yake kwa hiari. Alitia saini kimya, na hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Ukimya wake sikuurithi.

"Andika yote mawili," nikamwambia afisa. "Andika bangi, kisha andika ukuta. Na uandike kwamba umetaka nibadilishe kimoja kwa kingine. Nitasaini. Polisi wakija watanikuta hapa hapa, karibu na ukuta wako."

Nikamrudishia fomu yake ile.

"Anasema kweli huyo," mume wangu akamwambia afisa kutoka kitandani. "Namjua." Kisha akashikwa na kikohozi, kile cha chumba kile, na afisa akabaki amesimama akingoja kiishe. Hakikuisha upesi.

Akaifungua tena kalamu. Akachana ile fomu ya kuridhika, akatoa nyingine, akaandika ukuta, kuvu, maji, kifua cha mgonjwa. Niliisoma mstari kwa mstari, naye kasimama ananisubiri. Mimea hakuiandika.

Nafasi ya saini ilikuwa fupi. Nikaandika jina langu, la baba na la babu, herufi kubwa, na la baba likavuka mstari likaingia kwenye nafasi ya saini ya afisa.