Siku Nilipowaficha Watoto

Mimi ni mtu wa ndani. Majirani zangu hapa Sori husema nikipotea nisitafutwe mbali, nitazamwe nyuma ya pazia. Ndiyo maana akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni waliniachia watoto: wao hutoka alfajiri, mimi sitoki kabisa. Watoto kumi na mmoja, mkeka, sufuria ya uji, na cheti changu cha kidato cha nne kilichokuwa hakijawahi kupata kazi.

Kisha tukasikia serikali itazisaidia nyumba kama yangu kwa unga, magodoro, hata ua wa kuzungushia nyumba. Ila kwanza afisa aje akague. Alitaka kuona mlango wa pili, choo cha watoto, ua, na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Ndoo nilikuwa nayo.

Kwetu, mgeni hapokewi kwenye fujo, sembuse mgeni mwenye kalamu. Nilikandika sakafu upya, nikatandaza vitambaa nilivyofuma mwenyewe, nikachinja kuku. Watoto je, na makamasi yao? Mama zao wenyewe waliona haya, wakasema siku hiyo wataenda nao ufukweni. Nikakubali haraka kidogo, nakiri.

Afisa alikuwa binti mpole kutoka Homa Bay. Alisifu kuku, akasifu vitambaa, kisha akafungua fomu.

"Watoto wako wapi, mama?"

"Nimewaondoa, wasikusumbue."

Aliutazama mkeka mtupu. "Mama, mimi naandika ninaowaona."

Nilimwomba angoje niwaite, lakini gari lilikuwa linamsubiri waende Muhuru. Akaandika sufuri, kwa mwandiko mzuri sana. Akanieleza pia kwamba bila ua siruhusiwi kulea mtoto wa mtu. Ua ungetoka kwenye msaada, msaada hutolewa kwa waliosajiliwa, na hasajiliwi asiye na ua. Akasema pole, na naamini ilimtoka moyoni.

Jioni akina mama, ambao huniita Mwalimu, walinicheka.

"Mwalimu, hata kwako nyumbani umefutwa kazi?"

Wakacheka tena, halafu kila mmoja akamtazama mtoto wake.

Nimekwenda ofisini mara tatu. Wakaguzi watarudi, naambiwa, na wananiambia kwa adabu.

Sasa watoto hushinda ufukweni, kando ya nyavu zilizoanikiwa samaki, hatua chache kutoka majini. Mama zao wameinama kwenye omena, hawawezi kuinua kichwa kila mara. Kwa hiyo mtu wa ndani siku hizi anatoka. Kila asubuhi nabeba kigoda changu na kuketi kati ya watoto na ziwa, nimeligeuzia mgongo. Mimi ndiye ua. Kuogelea sijui.

Jana yule mdogo kabisa, anayejifunza kutembea, alinipita akifuata bata. Nikamshika gauni, nikamgeuza aelekee kwa mama yake. Alilia kidogo, akajifuta pua kwa mkono, akageuka, akaanza tena.